Nani atampima mama baada ya kujifungua? Njia nne za Nairobi zikilinganishwa

Jirani yangu wa Kayole alimpeleka mwanawe kliniki mtoto alipotimiza wiki 6. Mtoto alivuliwa nguo, akawekwa kwenye mizani, akachanjwa, akaandikiwa tarehe ya kurudi. Mama mwenyewe, ambaye alikuwa ameumwa kichwa kwa wiki nzima, aliulizwa swali moja tu, nalo ni kama mtoto ananyonya vizuri. Alijibu kwamba ananyonya, akamfunga mgongoni, akaondoka. Hakuna msiba uliofuata, na ndiyo sababu ninakitaja kisa hiki, kwa kuwa ndivyo siku nyingi za kliniki zinavyokwenda. Mtoto ana kadi, ana tarehe na ana chanjo zinazomngoja, ilhali mama huenda kama mbebaji.

Familia nyingi za Nairobi huanza kuuliza mapema, mimba ikiwa na miezi saba au minane, ni wapi mama atatunzwa baada ya kujifungua. Njia zinazopatikana ni nne: kituo cha afya au hospitali ya umma, hospitali ya binafsi, ambayo mara nyingi ni ileile aliyojifungulia, mkunga au muuguzi wa kulipwa anayekuja nyumbani, na kwenda kukaa kwa mama mzaa, yaani mama yake mzazi, ama mjini ama mashambani. Nitazilinganisha kwa vigezo vilevile, maana kila moja ina jambo inalolifanya vyema kuliko nyingine na pengo linalohitaji kuzibwa.

Vigezo kwanza

Kigezo cha kwanza ni ratiba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila matatizo akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kinachotolewa hapa Kenya kinataja ndani ya saa 48, wiki ya 1 hadi ya 2, wiki ya 4 hadi ya 6, na mwezi wa 4 hadi wa 6. Tarehe hizi zina sababu zake. Shinikizo la damu la mama, au presha kama tunavyoizoea, kwa kawaida hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, wakati ambapo wengi wamekwisha kurudi nyumbani, na kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya uzazi, kinaweza kumpata hata mwanamke ambaye hakuwahi kuwa na presha alipokuwa mjamzito. Maambukizi ya mfuko wa uzazi hujitokeza zaidi katika siku kumi za mwanzo. Uvimbe wa titi wenye homa huja sana katika wiki ya 2 na ya 3. Hatari ya damu kuganda kwenye mguu au kwenye pafu hubaki juu kwa wiki 6 nzima. Kwa hiyo njia inayomsubiri mama hadi wiki ya 6, hata iwe na madaktari bingwa kiasi gani, imeacha wazi siku zilizo na hatari zaidi.

Kigezo cha pili ni kipimo chenyewe: mikono ipi itampapasa mama na mashine ipi itampima. Cha tatu ni usiku, yaani hali ikibadilika saa nane za usiku atafikaje mahali penye damu, chumba cha upasuaji na daktari. Cha nne ni fedha. Cha tano, ambacho wengi wetu hukiona kidogo, ni moyo wa mama na jiko lake.

Ratiba: nani atakuwapo siku ya tatu?

Kituo cha umma kina ratiba nzuri kwenye karatasi, na wauguzi wake wanaijua. Tatizo ni kwamba mama ndiye anayepaswa kwenda, na siku ya tatu mwanamke mwenye nyuzi kwenye msamba, yaani kati ya uke na njia ya haja kubwa, hana hamu ya kupanda matatu kutoka Dandora hadi hospitalini akapange foleni. Wengi huruka miadi hiyo wakarudi kwa chanjo za wiki ya 6. Isitoshe, huduma za umma hukatika wakati wa migomo. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024 ulidumu siku 56, tangu katikati ya Machi hadi tarehe 8 Mei, na waliojifungua kipindi hicho walilazimika kujipangia upya.

Hospitali ya binafsi kwa kawaida hutoa miadi yenye saa maalumu na hupiga simu kukumbusha. Hata hivyo, baadhi huweka miadi moja tu ya wiki ya 6 pamoja na daktari wa uzazi. Anayechagua njia hii aulize kabla ya kujifungua kama kuna miadi ya wiki ya kwanza, na kama imo ndani ya bei ya kifurushi au italipiwa kando.

Mkunga wa kulipwa ndiye anayeshinda wote katika kigezo hiki. Huja siku unayomtaka, mama hatoki kitandani, na anaweza kuja siku ya 3, ya 7 na ya 14 bila mtu kubeba mtoto kwenye mvua.

Kwa mama mzaa, macho yapo mchana na usiku, lakini ratiba ya vipimo haipo mpaka mtu aitengeneze. Hapa ndipo anapoingia mhudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wapatao 100,000, kila mmoja akiwa na dhamana ya kaya kama 100, na kuwapa mikoba yenye mashine ya presha, kipimajoto na mizani. Anaweza kubisha hodi siku ya tatu, ila ni lazima ajue kwamba katika nyumba fulani kuna mama aliyejifungua. Asipoambiwa hawezi kuja.

Mkono na mashine

Uchunguzi kamili wa mama hauchukui muda mrefu, na kila msomaji anapaswa kuujua ili autambue unapofanywa nusu. Hupimwa presha, joto na mapigo ya moyo. Tumbo hupapaswa, maana mfuko wa uzazi unaokuwa usawa wa kitovu mara baada ya kujifungua hushuka karibu upana wa kidole kimoja kila siku, na baada ya siku 10 hadi 14 hausikiki tena juu ya mfupa wa kinena. Damu ya nifasi huulizwa rangi, wingi na harufu yake: huwa nyekundu siku tatu au nne, kisha huwa ya hudhurungi, kisha hupauka na kuisha taratibu hadi wiki ya 4 au ya 6. Msamba au kidonda cha upasuaji hutazamwa kwa macho, si kwa kuulizwa tu. Matiti, chuchu na mashavu ya miguu hukaguliwa. Mama huulizwa kama anapata haja ndogo bila shida, na kama mkojo humtoka asipotaka, jambo ambalo wanawake wengi hulificha wakidhani ndiyo malipo ya uzazi. Rangi ya kope na viganja huangaliwa, na wingi wa damu mwilini hupimwa inapobidi.

Kituo cha umma kinafanya mengi ya haya mama akiyaomba, na yapo mambo ambayo kinayafanya vizuri kuliko wote: kupima virusi vya UKIMWI tena, kutoa dawa za kumkinga mtoto, kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi na kutoa njia za uzazi wa mpango. Muuguzi wa huko atamweleza mama, pengine kwa uzoefu wa miaka 20, kwamba kitanzi huwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua au baada ya wiki 4, kwamba vidonge vyenye homoni ya estrojeni havimfai anayenyonyesha mtoto mchanga, na kwamba kunyonyesha huzuia mimba pale tu mtoto anaponyonya maziwa ya mama peke yake mchana na usiku, hajatimiza miezi 6, na hedhi haijarudi.

Hospitali ya binafsi ina maabara, mashine za kupiga picha na, katika zile kubwa, mtaalamu wa mazoezi ya nyonga. Udhaifu wake ninaousikia mara kwa mara ni wa aina nyingine: mama huonwa na daktari wa uzazi dakika chache, kisha mtoto huonwa na daktari wa watoto chumba kingine, na swali la usingizi na machozi halipati mwenyewe.

Mkunga wa nyumbani hupima kwa mikono na kwa kile alichobeba mkobani. Ana muda, na muda huo una thamani kubwa, hasa katika kumsaidia mama kumweka mtoto kwenye titi, kazi ambayo inaweza kuchukua saa nzima. Lakini uzuri wote huo unategemea kama kweli ni mkunga. Baraza la Wauguzi la Kenya lina orodha ya wenye leseni, na hakuna aibu yoyote kumwomba mtu namba yake ya leseni kabla hujamfungulia mlango. Wapo mjini watu wanaojiita wataalamu wa uzazi ambao ujuzi wao ni kukanda na kufunga tumbo.

Jambo hilo linatuleta kwa mama mzaa. Mkaja, yaani kumfunga mama tumbo baada ya kujifungua, ni desturi ya kale, na kitambaa kilichofungwa bila kubana humpa mama nafuu ya mgongo. Kikikazwa sana kwenye kidonda cha upasuaji huleta maumivu na unyevu usiotakiwa. Kukanda kwa maji ya moto hakupaswi kugusa kidonda, na kusiwaunguze walio na ngozi iliyonyooshwa na mimba. Dawa za mitishamba za kuingiza ukeni zikataliwe kwa heshima lakini bila kulegeza. Vyakula, kwa upande mwingine, ni hazina: maharagwe meusi ya njahi, uji wa wimbi, supu na mboga za majani. Niongeze tu kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na chungwa huyaongeza, kwa hiyo kikombe cha chai kisogezwe saa moja au mbili mbele. Vidonge vya chuma na asidi foliki alivyopewa kliniki visiachwe kwa sababu supu ni nzito.

Saa nane za usiku

Katika kigezo hiki tofauti kati ya njia hizi ni ya uhai na kifo. Dalili zinazomtaka mama aende hospitalini mara moja, bila kusubiri kupambazuke, ni hizi: damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja au inayotoka na mabonge makubwa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu au vimulimuli, degedege, joto la nyuzi 38 au zaidi, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali ya tumbo, kifua kuuma au pumzi kukatika, shavu moja la mguu kuvimba na kuuma, na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Mashine ya presha ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, mama aonwe siku hiyohiyo. Ikionyesha 160 kwa 110, hiyo ni dharura hata kama anajisikia mzima.

Hospitali kubwa, ziwe za umma kama Pumwani, Mama Lucy Kibaki, Mbagathi na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, au za binafsi, zina wafanyakazi usiku kucha. Kituo kidogo cha mtaani mara nyingi hakina chumba cha upasuaji, na zahanati nyingi hufungwa jioni, kwa hiyo aliyezoea kwenda karibu na nyumbani aulize mapema ni hospitali ipi atakayopelekwa. Si aibu kwa kituo kidogo kumkimbiza mama kwingine. Aibu ni kuchelewa. Kwa kutokwa na damu baada ya kujifungua, utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, ambao Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi nne zilizoshiriki, ulionyesha kwamba kupima damu inayopotea kwa mfuko maalumu na kutoa tiba zote kwa pamoja mapema kulipunguza madhara makubwa kwa asilimia 60. Damu inayotoka kwa wingi haivumilii majaribio ya mojamoja.

Mkunga wa nyumbani hana damu ya kuongeza wala chumba cha upasuaji. Mkunga mzuri hulijua hilo, na tangu ziara ya kwanza huandika jina la hospitali, namba ya dereva na nani atabaki na watoto wengine. Asiyetaka kuzungumzia hospitali ni wa kuogopwa.

Mashambani, jibu linategemea ni mashambani wapi. Machakos si Kakamega. Mama aliyejifungua juzi akipanda basi kwa safari inayochukua saa nane huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na akifika huenda hospitali iliyo karibu iko mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Kama ni lazima aende, asubiri apimwe kwanza siku ya 7 hadi ya 14, na gari lisimame njiani ili atembee.

Fedha

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa bei hubadilika na kila familia inajua mfuko wake. Huduma ya uzazi bila malipo katika vituo vya umma ilianza Juni 2013, ikageuka Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 imeingia chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ambayo mwenye mshahara huichangia asilimia 2.75 na kaya isiyo na mshahara kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo katika mpango huo, kujisajili ndiyo tiketi ya huduma za kliniki. Kwenye hospitali kubwa michango lazima iwe imelipwa. Hakikisha usajili ungali mjamzito, kwani dirisha la malipo si mahali pa kugundua kwamba jina halimo. Hospitali za binafsi hutofautiana mno, na bima nyingi za kazini hulipia kujifungua lakini huweka mpaka kwenye miadi ya baadaye. Mkunga wa nyumbani hulipwa taslimu kwa kila ziara, na mara nyingi bima haimtambui. Kwa mama mzaa hakuna ankara, ila nauli na ununuzi wa chakula si bure, na mama mkwe ana hesabu zake.

Moyo na jikoni

Machozi ya siku ya 3 hadi ya 5 huwapata wanawake wengi na huisha ndani ya wiki mbili. Yanayozidi hapo, au yanayokuja na kukosa usingizi hata mtoto anapolala, hofu isiyoisha au kutomtaka mtoto, ni ugonjwa unaotibika. Lipo dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, ambalo limetafsiriwa na kutumika kwa Kiswahili hapa Kenya, na swali lake la 10 linauliza waziwazi kuhusu kujidhuru. Mama anaweza kuliomba kituoni au hospitalini. Akiulizwa "uko sawa?" katikati ya foleni atajibu "niko sawa", awe sawa au asiwe.

Kituo cha umma na hospitali ya binafsi hutibu ugonjwa huu baada ya kutambuliwa. Kuutambua ni kazi ya anayemwona mama akiwa amevaa khanga nyumbani. Mkunga akija mara tatu ataliona jiko lisilowashwa. Mama mzaa ataliona mapema zaidi na ataliwasha mwenyewe, na hakuna kituo kinachoweza kufanya hivyo. Ila zipo nyumba ambamo kukaa kwa wazazi au kwa wakwe ndiko kunakomwumiza mama, kwa maneno kuhusu maziwa yake, jinsia ya mtoto au upasuaji wake, na mwanamke ambaye nyumba yake ni ya namna hiyo asilazimishwe na desturi ya siku arobaini.

Baba naye asisahauliwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa wa kiume wiki mbili za likizo yenye malipo, na mwanamke miezi mitatu. Wiki hizo mbili zinaangukia hasa katika siku ambazo presha hupanda na maambukizi huanza. Mwanaume aliyefundishwa kufunga mashine ya presha juu ya kiwiko na kuandika namba mbili kila asubuhi amefanya kazi kubwa kuliko aliyepokea wageni.

Kwa hali yako

Aliyekuwa na presha au kifafa cha mimba asichague njia yoyote inayomwacha bila kupimwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, na tena ndani ya siku 10. Kwake mashine ya nyumbani, pamoja na hospitali yenye daktari wa usiku, ni muhimu kuliko ukaribu wa ndugu, na safari ya mashambani ingoje.

Aliyefanyiwa upasuaji, anayeishi ghorofa ya nne bila lifti na asiye na mtu wa kumshika mkono, atanufaika sana na mkunga wa nyumbani kwa wiki mbili za mwanzo, kisha arudi alikopasuliwa kwa miadi ya wiki ya 6. Asiyeweza kulipia ziara tatu alipie moja, ya siku ya 3 au ya 4.

Mwenye mtoto wa kwanza, aliyejifungua salama na aliye na mama mzaa mpole anayeishi Nairobi au kaunti ya jirani, atatulia zaidi kwa mama, mradi kijitabu kiende pamoja naye na miadi ya wiki ya kwanza itimizwe katika kituo kilicho karibu na huko.

Anayeishi na virusi vya UKIMWI, au anayetaka njia ya uzazi wa mpango ya muda mrefu, atapata huduma iliyopangika zaidi kwenye kituo cha umma hata akiwa na bima ya kazini.

Mwenye bima nzuri na historia ya huzuni au wasiwasi aitumie hospitali ya binafsi iliyo na mtaalamu wa afya ya akili, na aombe miadi ya wiki ya 2 badala ya kungoja ya 6.

Aliyejifungulia nyumbani au garini kabla ya kufika hospitalini aende kituoni siku hiyohiyo, yeye na mtoto, hata kama kondo la nyuma limetoka na damu imekata.

Na yule mwenye chumba kimoja Mukuru au Mathare, anayeuza mboga na ambaye atarudi sokoni wiki ya pili kwa kuwa kibanda cha mboga hakina likizo, njia yake itakuwa kituo cha umma kilicho karibu pamoja na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake. Kabla hajaondoka wodini aulize presha yake ni ngapi, na siku ya miadi ya mtoto amwambie muuguzi, "Na mimi nimekuja kupimwa." Namba ya mhudumu aitafute akiwa bado mjamzito, aiandike kwa kalamu juu ya jalada la kijitabu, na jirani anayelala mlango wa pili aonyeshwe ilipo.